Hospitali Kama Bei ya Ardhi: Haki ya Mazingira na Afya katika Mashamba ya Michikichi ya Lokutu (Tshopo), 1911–2020

1. Utangulizi

Neno "mazingira" limetokana na kitenzi "zingira", yaani kuzunguka kitu pande zote. Kwa hiyo neno hili linaweza kubeba maana mbili: kile kinachomzunguka mtu na kumlea, na kile kinachomzunguka mtu na kumbana. Historia ya Lokutu ni historia ya namna maana ya kwanza ilivyogeuka kuwa ya pili.

Lokutu iko katika wilaya ya Basoko, kwenye jimbo la Tshopo lililoundwa mwaka 2015 baada ya Jimbo la Mashariki kugawanywa. Anayesafiri kwa mto kutoka Kisangani hupita Yakusu, Yangambi na Isangi kabla ya kufika huko. Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji mahali hapo paliitwa Elisabetha, kwa heshima ya malkia wa Ubelgiji, na palikuwa moja ya vituo vitano vikuu vya kampuni ya mafuta ya mawese iliyoitwa Huileries du Congo Belge. Jina limebadilika, na jina la kampuni limebadilika zaidi ya mara moja, lakini michikichi ingali pale, na vijiji vingali katikati yake.

Wataalamu wa siku hizi hutumia istilahi "haki ya mazingira" wanapouliza maswali matatu. Ni nani anayepata faida ya kazi fulani? Ni nani anayebakiwa na taka, sumu na maradhi ya kazi hiyo? Na ni nani aliyeulizwa kabla ya uamuzi kufanywa? Istilahi hii ilienea kutoka Marekani baada ya mwaka 1982, wakati wakazi wa Warren County katika North Carolina, ambao wengi wao walikuwa Weusi maskini, walipopinga kufukiwa kwa udongo wenye sumu karibu na makazi yao. Hata hivyo, maswali yenyewe ni ya zamani kuliko istilahi, na katika bonde la Kongo yangeweza kuulizwa tangu mwaka 1911.

Makala haya yanakusudia kuonyesha jambo moja. Katika mashamba ya Lokutu, tangu mwanzo, huduma za afya hazikuwa sadaka ya kampuni wala msaada wa serikali. Zilikuwa sehemu ya bei ya ardhi. Ardhi ilikabidhiwa mara moja, na kila mmiliki mpya aliirithi. Ile bei, kinyume chake, ilisahauliwa hadi ikaanza kuonekana kama hisani. Chanzo cha kusahauliwa huko si uroho wa kampuni peke yake. Chanzo kingine ni kwamba wenye kudai hawakuwamo katika mkataba, wala hawakuusoma katika lugha yao.

2. Ardhi iliyoitwa tupu

Msingi wa mambo yote uliwekwa kabla ya mchikichi wa kwanza wa kampuni kupandwa. Tarehe 1 Julai 1885, Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II ilitangaza kwamba ardhi zilizo wazi ni mali ya dola. Swali lilikuwa: ardhi iliyo wazi ni ipi? Kwa afisa wa Kizungu, ardhi yenye mwenyewe ni ile yenye nyumba na shamba lililolimwa mwaka huo. Kwa mwenyeji wa msituni, shamba lililoachwa lipumzike lina mwenyewe, msitu wa kuwinda una mwenyewe, na kijito cha kuvulia samaki kina wenyewe. Hata michikichi iliyodhaniwa kuwa ya mwituni mara nyingi iliota mahali palipokuwa na kijiji au shamba zamani, na watu waliitunza. Kwa hiyo neno moja la sheria lilitosha kuifanya kuwa tupu nchi iliyokuwa na watu.

Mwaka 1908, baada ya kashfa ya mpira iliyoitia Dola Huru aibu duniani kote, serikali ya Ubelgiji iliichukua Kongo kuwa koloni lake. Serikali hiyo mpya ilihitaji kuonyesha kwamba zama za ukatili zimekwisha, na ilihitaji pia mtaji. Wakati huohuo William Lever, tajiri wa Kiingereza aliyejulikana kwa sabuni ya Sunlight, alikuwa akitafuta mafuta ya mawese ya kutosha kwa viwanda vyake. Mwaka 1911 pande hizo mbili zilifikia mapatano, huku Waziri wa Makoloni, Jules Renkin, akiiwakilisha serikali.

Mapatano hayo yalichora mizunguko mitano juu ya ramani: Bumba, Barumbu, Lusanga, Basongo na Ingende. Kila mzunguko ulikuwa na umbali wa kilomita 60 kutoka katikati hadi ukingoni. Hesabu ya kawaida ya shule inaonyesha kwamba mzunguko mmoja wa namna hiyo una eneo la zaidi ya hekta milioni 1.1. Ndani ya mizunguko yote mitano kampuni ilipewa haki ya kujichagulia ardhi yenye michikichi hadi kufikia hekta 750,000. Elisabetha kilikuwa kituo kikuu cha mzunguko wa Barumbu.

Mapatano hayo yalikuwa na upande wa pili ambao mara nyingi husahauliwa. Kampuni ilifungwa na masharti. Ilitakiwa kulipa mshahara usiopungua senti 25 za faranga kwa siku. Ilitakiwa kujenga, katika kila moja ya maeneo matano, hospitali yenye daktari, pamoja na shule. Maneno haya hayakuandikwa katika barua ya shukrani wala katika hotuba. Yaliandikwa katika hati ileile iliyotoa ardhi. Kisheria, basi, hospitali ya Elisabetha ilikuwa na hadhi sawa na ardhi ya Elisabetha: hii ilitolewa kwa sababu ile iliahidiwa.

Hata hivyo hati hiyo ilikuwa na kasoro ya asili. Pande zake zilikuwa mbili tu, yaani Ubelgiji na Lever. Wenye michikichi, ambao ardhi yao ilitolewa na ambao miili yao iliahidiwa matibabu, hawakuwa upande wowote. Wawili waliandikiana juu ya mali ya mtu wa tatu. Mmoja wao aliposhindwa kutimiza ahadi, aliyekuwa na haki ya kumshitaki alikuwa mwenzake aliyetia sahihi, wala si mgonjwa aliyelala bila dawa.

3. Mwili wa mkwezi

Ili kuelewa uzito wa ahadi hiyo, inafaa kuitazama kazi yenyewe. Katika miaka ya mwanzo kampuni haikutegemea sana mashamba yaliyopandwa kwa mistari, bali michikichi mirefu iliyokuwa tayari imeota. Mkwezi alijifunga kamba kiunoni na kuizungusha kwenye shina, akapanda hadi kwenye makuti, akakata mashada ya chikichi na kuyaangusha chini. Aliyeteleza alianguka kutoka juu ya mti. Mashada yalibebwa kichwani hadi kituoni, na wabebaji wengi walikuwa wanawake na watoto ambao majina yao hayakuandikwa katika daftari la mishahara.

Watu wachache wangechagua kazi hiyo kwa hiari kwa ujira uliokuwapo. Tangu mwaka 1910 kodi ya kichwa ililazimu kila mwanamume mzima kutafuta fedha taslimu, na mahali penye kampuni moja tu, fedha zilipatikana kwa kampuni hiyo tu. Maafisa wa serikali na machifu waliowekwa nao walisaidia kuandikisha vibarua. Mwanahistoria Mbelgiji Jules Marchal, aliyewahi kuwa afisa wa utawala katika Kongo na baadaye balozi, alipekua nyaraka za serikali na mwaka 2001 akachapisha kitabu kizima kuhusu kazi ya kulazimishwa katika mashamba ya Lever.

Athari kwa afya zilipita njia kuu tatu. Ya kwanza ni kambi. Vibarua waliotolewa mbali waliwekwa pamoja katika vibanda vilivyobanana, na palipokosekana maji safi na vyoo, kuhara damu na homa za mapafu vilienea upesi. Taarifa ya daktari wa serikali ya mwaka 1923 kuhusu kituo cha Leverville, kule Kwango, ilieleza hali ya kusikitisha ya kambi za namna hiyo. Ya pili ni chakula. Mwanamume anayekwea kwa ajili ya kampuni hafyeki msitu kwa ajili ya mkewe kupanda, na mke anayebeba chikichi hapalilii. Kijiji kilichokuwa kikijilisha kilianza kununua. Ya tatu ni mchikichi wenyewe. Mawese yalikuwa chakula cha kila siku, chenye mafuta na vitamini A, tena dawa ya kupaka na mafuta ya taa. Tangu mti ulipohesabiwa kuwa wa kampuni, aliyechuma kwa ajili ya chungu chake aliweza kuitwa mwizi katika ardhi ya babu yake.

Mwaka 1931 uchungu huu ulilipuka kule Kwango. Wapende, waliokuwa wakilazimishwa kukata chikichi wakati bei yake imeporomoka na kodi haikushuka, waliasi, na jeshi la kikoloni likaua mamia yao. Lokutu haikuwa na maasi ya kiasi hicho, lakini mpango wa kazi ulikuwa uleule, wa kampuni ileile, ambayo tangu mwaka 1930 ilikuwa sehemu ya Unilever.

Hospitali zilijengwa, na haingekuwa haki kuficha jambo hilo. Waliponywa watu wengi ndani yake, na wauguzi Wakongo walijifunza kazi huko. Lakini hospitali ya kampuni ilitazama hasa afya ya mfanyakazi. Ilimtaka mkwezi awe mzima ili akwee. Kijito alichochotea maji mama yake, ukubwa wa shamba la mihogo la dada yake, na samaki wa mtoni havikuwa mambo ya hospitali. Hivyo ahadi iliyotolewa kwa ajili ya nchi nzima ilipunguzwa ikawa ya wale walioandikwa kazini.

4. Dawa ya Yakusu na mbegu ya Yangambi

Mifano miwili kutoka Tshopo yenyewe inaonyesha kwamba upungufu huo haukutokana na ukosefu wa elimu.

Wa kwanza ni Yakusu, misheni ya Wabaptisti wa Kiingereza miongoni mwa Walokele, si mbali na Kisangani. Daktari Clement Chesterman alifika huko mwaka 1920, akakuta ugonjwa wa malale umeshika vijiji vya mtoni. Alitumia dawa mpya iliyoitwa triparsamidi, na aliwafundisha vijana Wakongo kuwa wauguzi ili wasimamie zahanati ndogo vijijini. Dawa hiyo ilikuwa na hatari zake, kwa maana iliweza kudhuru macho ya mgonjwa, na misheni ilikuwa na lengo lake la kuhubiri dini. Lakini hesabu ya Yakusu ilianza na kijiji: ni watu wangapi wanaishi hapa, na ni wangapi kati yao wanaumwa? Kwa hesabu hiyo mzee, mwanamke na mtoto walionekana. Basi namna nyingine ya kuhesabu afya ilikuwapo kwenye mto huohuo, katika miaka ileile.

Wa pili ni Yangambi. Mwaka 1933 Wabelgiji waliunda taasisi ya utafiti wa kilimo iliyojulikana kama INEAC, na kituo chake kikuu kikawa Yangambi. Watafiti A. Beirnaert na R. Vanderweyen walieleza mwaka 1941 siri ya urithi wa mchikichi. Ukikutanisha aina iitwayo dura, yenye kifuu kinene, na aina iitwayo pisifera, isiyo na kifuu, unapata tenera, yenye kifuu chembamba na nyama nyingi ya mafuta. Ugunduzi huo ulibadili kilimo cha mchikichi ulimwenguni. Mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia ya leo yamesimama juu ya mche huo wa tenera.

Ulinganisho wa mifano hii miwili una somo. Elimu ya kuongeza mafuta ilizaliwa Tshopo, ikavuka bahari na kutajirisha mataifa. Elimu ya kulinda kijiji ilizaliwa Tshopo vilevile, lakini haikuvuka hata ua wa shamba la kampuni. Elimu huenda inakotumwa, na mwenye kutuma alikuwa yule aliyetia sahihi.

5. Kutoka mkono hadi mkono

Uhuru wa mwaka 1960 ulibadili bendera, na hatua za baadaye zilibadili sheria. Sheria ya Bakajika ya mwaka 1966 ilirudisha kwa taifa ardhi na mali zilizotolewa na wakoloni. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilitangaza kwamba ardhi ni mali ya taifa, na kwamba anayetaka kuitumia kwa kilimo kikubwa hupewa kwa muda, usiozidi miaka 25 kwa mara moja, na unaoweza kuongezwa. Kwa maneno ya sheria, basi, mizunguko ya mwaka 1911 ilikufa. Kwa hali halisi kampuni iliendelea pale ilipokuwa, kwani dola mpya ilishika nafasi ya Ubelgiji katika mkataba, na mwanakijiji alibaki mtu wa tatu kama zamani.

Jina la kampuni lilifuata jina la nchi: Plantations Lever au Zaïre, kisha Plantations Lever au Congo, na hatimaye Plantations et Huileries du Congo, kwa kifupi PHC. Vita vya 1996–1997 na vya 1998–2003 vilikata usafiri wa mto, uzalishaji ukadorora, majengo yakachakaa. Mwaka 2009 Unilever iliuza mashamba yake matatu ya Lokutu, Yaligimba na Boteka kwa kampuni ya Feronia iliyosajiliwa Canada. Ardhi yote ilizidi hekta 100,000, na sehemu kubwa kuliko zote ilikuwa Lokutu. Kuanzia mwaka 2013 benki za maendeleo za Ulaya, ikiwamo CDC ya Uingereza, ziliingiza fedha zao, kwa hoja kwamba zinaokoa ajira na kurudisha huduma katika sehemu iliyosahauliwa.

Hapa ndipo mabadiliko ya lugha yanapoonekana wazi. Katika hati ya 1911 hospitali ilikuwa wajibu. Katika maelezo ya miaka ya 2010 hospitali iliyokarabatiwa, kisima kilichochimbwa na shule iliyojengwa viliorodheshwa kama mchango wa kampuni kwa jamii. Anayelipa deni na anayetoa zawadi wanaweza kufanya tendo lilelile. Lakini anayedai deni husimama wima, na anayepokea zawadi huinama. Miaka 100 ilitosha kumfanya mdai ajione mwombaji.

Mwezi wa Novemba 2018 jamii tisa kutoka maeneo ya Lokutu na Boteka, zikisaidiwa na mtandao wa RIAO-RDC, zilipeleka malalamiko kwa chombo huru cha kusikiliza malalamiko cha benki za Ujerumani, Uholanzi na Ufaransa. Madai yao hayakuanzia mwaka 2009 wala 2013. Yalirudi hadi 1911, kwa kuuliza ni lini na kwa hati gani walikubali kuitoa ardhi. Mwaka uliofuata malalamiko hayo yalikubaliwa kusikilizwa.

Tarehe 25 Novemba 2019 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa ndefu kuhusu mashamba yote matatu. Taarifa hiyo ilisema kwamba wapuliziaji wa dawa za kuua magugu na wadudu hawakuwa na kinga za kutosha. Baadhi yao walieleza kukosa pumzi, kuumwa kichwa, kupungua uzito na kupungukiwa nguvu za kiume tangu waanze kazi hiyo. Ilisema pia kwamba kampuni ilimwaga maji machafu ya viwanda bila kuyasafisha, na kwamba mishahara, hasa ya wanawake, ilikuwa midogo mno kuweza kuitunza familia. Kampuni kwa upande wake ilijibu kwamba ilirithi mashamba yaliyoharibika, na kwamba ilikuwa ikiwekeza ili kurekebisha hali.

Ni vema kueleza namna madhara hayo yanavyotokea, kwa sababu mengi hayaonekani kwa macho. Dawa inayopuliziwa huingia mwilini kwa pumzi na kwa ngozi. Hubaki katika nguo, na mke anayezifua nguo hizo huigusa bila kujua. Mvua huisukuma hadi vijitoni. Kuhusu maji ya kiwanda, mashada hupikwa kwa mvuke, hukamuliwa, na mafuta hutenganishwa na maji. Kwa kila tani moja ya mafuta hupatikana takriban tani mbili na nusu au zaidi za maji mazito yenye uchafu wa mimea. Maji hayo si sumu kwa asili yake, lakini yakimwagwa mtoni vijidudu huanza kuyaozesha na kutumia hewa iliyomo ndani ya maji, na samaki hufa kwa kukosa hewa. Mabwawa ya kuyatuliza na kuyaozesha kwanza ni teknolojia inayojulikana kwa miongo mingi. Kwa hiyo mto uliochafuliwa hauhitaji kuelezwa kwa ujinga. Unaelezwa kwa gharama, na kwa swali la nani anazibeba.

Mwaka 2020 Feronia ilifilisika, na PHC ikapita mikononi mwa wamiliki wengine. Kwa mara nyingine ardhi ilihamishwa kwa hati. Kijito hakihamishwi kwa hati, wala mapafu ya mpuliziaji wa jana. Vitu hivyo hubaki pale vilipo, na watu walewale hubaki navyo.

6. Mfano wa wakulima wa California

Je, mambo yangeweza kuwa tofauti? Historia ya Walatino wa California, yaani Wamarekani wenye asili ya Meksiko na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini, inatoa mifano miwili inayoitazama Lokutu uso kwa uso.

Katika miaka ya 1960 vibarua wa mashamba ya zabibu, wengi wao Walatino pamoja na Wafilipino, walijiunga katika chama kilichoongozwa na César Chávez na Dolores Huerta. Walikuwa na malalamiko ya mishahara, na pia ya sumu zilizopuliziwa juu ya vichwa vyao. Baada ya mgomo na wito wa kususia zabibu uliodumu miaka mitano, mwaka 1970 waliwekeana mikataba na wenye mashamba. Ndani ya mikataba hiyo walitia kifungu cha kukataza matumizi ya DDT, miaka miwili kabla ya serikali ya Marekani kuipiga marufuku. Tofauti na mwaka 1911 iko wazi. Huko pia afya iliandikwa katika mkataba kama sehemu ya bei, lakini waliotia sahihi walikuwa wale waliovuta sumu. Kwa hiyo kifungu kilikuwa na mwenyewe, aliyejua kimo na aliyeweza kukidai.

Mfano wa pili ni Kettleman City, mji mdogo wa California ambao karibu wakazi wake wote walikuwa Walatino, na wengi wao hawakujua Kiingereza. Kampuni moja ya kutunza taka za sumu ilitaka kujenga tanuri la kuzichoma karibu na mji huo. Tathmini ya athari za mradi iliandikwa kwa Kiingereza tu, kurasa kwa mamia. Wakazi waliunda chama kilichoitwa El Pueblo para el Aire y Agua Limpio, yaani Watu kwa Ajili ya Hewa na Maji Safi, wakaenda mahakamani. Mwaka 1991 hakimu aliamua kwamba wakazi hawakushirikishwa inavyopasa, kwa kuwa hati muhimu hazikutafsiriwa katika Kihispania. Mwaka 1993 kampuni iliuacha mradi wake.

Ni kweli kwamba ushindi wa namna hiyo hauna bima. Amri ya Rais Clinton ya mwaka 1994, iliyozitaka idara zote za serikali kuzingatia haki ya mazingira, ilifutwa na Rais Trump mwezi wa Januari 2025. Alichokitoa mtawala mmoja, mwingine alikichukua. Lakini hilo linatia nguvu hoja ya makala haya badala ya kuidhoofisha: haki isiyo mikononi mwa mwenyewe ni haki ya kuazima.

7. Suala la lugha

Uamuzi wa Kettleman City unawahusu wanafunzi wa lugha moja kwa moja, kwa sababu ulilitazama suala la tafsiri kama suala la afya. Asiyesoma onyo lililo juu ya kopo la dawa hawezi kujikinga. Asiyeelewa tathmini ya mradi hawezi kuukubali wala kuukataa.

Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 haina upungufu katika jambo hili. Ibara ya 47 inahakikisha haki ya afya na ya chakula cha uhakika. Ibara ya 53 inampa kila mtu haki ya mazingira safi yanayofaa kwa ustawi wake. Ibara ya 54 inasema kwamba uchafuzi unaotokana na shughuli za kiuchumi unapaswa kulipiwa fidia au kurekebishwa. Sheria ya tarehe 9 Julai 2011 kuhusu mazingira inadai tathmini ya athari pamoja na uchunguzi wa hadhara kabla ya mradi mkubwa. Tena ibara ya 142 ya katiba inaiagiza serikali kueneza kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, yaani Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba, katika muda wa siku 60 tangu kutangazwa.

Agizo hilo la mwisho ndilo mlango wa mengine yote. Lokutu husemwa Kilingala pamoja na lugha za wenyeji, na Kisangani husemwa Kiswahili na Kilingala. Mkataba wa 1911 ulikuwa wa Kifaransa. Taarifa za wamiliki na za benki za karne hii ziliandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Hivyo mzee wa kijiji ambaye baba yake alikwea michikichi ya Elisabetha aliweza kufa bila kusikia, katika lugha yoyote anayoielewa, kwamba hospitali ile ilikuwa haki yake. Tunu hiyo ingehitaji sentensi moja tu.

Kiswahili kina hazina ya kutosha kwa kazi hii. Neno "haki" lenyewe, lililotoka katika Kiarabu, hubeba kwa pamoja maana ya uadilifu na maana ya stahili ya mtu. Msemaji wa Kiswahili anapodai haki yake, huwa anadai kitu kilicho chake na pia anamtaka mwenzake awe mwadilifu. Kinachokosekana ni kazi ya subira: kusanifu istilahi za sumu, taka, tathmini na fidia katika Kiswahili na Kilingala, kuzijaribu mbele ya wapuliziaji na wabebaji, na kuzitafsiri hati zenyewe, kuanzia ile ya 1911.

8. Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa imepita katika mizunguko ya Lever, kamba ya mkwezi, zahanati za Yakusu, mche wa Yangambi na maji machafu ya kiwanda. Kiungo cha yote ni kimoja. Mwaka 1911 ardhi na afya ziliwekwa katika hati moja, kila moja ikiwa thamani ya mwenzake. Tangu hapo ardhi imepokewa nzima na kila mmiliki, na afya imehesabiwa upya kila mara, ikipungua hadhi kutoka wajibu hadi mchango.

Kurekebisha hali hiyo ni kazi ya mahakama, ya serikali, ya madaktari na ya wenye mashamba, lakini haiwezi kuanza kabla mdai hajajua kwamba anadai. Methali husema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Kabla ya dawa hiyo kutolewa, deni halina budi kusomwa kwa sauti, mbele ya wenyewe, katika lugha yao.